Nani Aandikwe Kazi Katika Chuo cha Wachungaji?

Liko swali ambalo watu wetu huulizana kwa sauti ya chini wakiisha kutoka kanisani, lakini hawalileti barazani. Nalo ni hili: Chuo kile tunachokichangia mahindi na fedha, ambamo vijana wetu hufundishwa uchungaji, huandika watu kazi kwa haki gani? Mbona mtoto wa fulani amepata, na mtoto wa fulani amekosa, nao wote wawili ni Wakristo wenye cheti kile kile? Tena mbona mtu asiye wa dhehebu letu amekataliwa hata kazi ya kufyeka majani? Swali linalonong'onwa huharibu mioyo kuliko linalosemwa wazi. Kwa hiyo tumeona vema kuliweka hapa mbele ya watu wote na kulipima polepole.

Hatusemi habari za chuo kimoja kilicho mahali fulani. Twasema juu ya desturi iwezayo kuonekana katika chuo cho chote cha dini, kikubwa kwa kidogo. Msomaji asitafute sura ya mtu katika maneno yetu.

Kwanza na tukumbuke chuo cha wachungaji ni kitu gani. Mtu akiwa mbali hudhani ni waalimu na wanafunzi tu, na vitabu, na kengele ya sala. Akiingia ndani huona mikono mingi. Yuko mkuu wa chuo, na waalimu wa Maandiko, na wa Kiyunani na Kiebrania, na wa historia ya Kanisa. Yuko mtunza maktaba, na karani, na mshika hazina. Wako wapishi, na wafuaji, na dereva, na fundi wa mabomba na umeme, na mtunza bustani, na bawabu wa usiku. Kila nafasi moja kati ya hizo ni chakula cha nyumba nzima. Katika vijiji vilivyo karibu na chuo, mara nyingi hapana mahali pengine pa kupata mshahara wa kila mwezi. Mtu akiandikwa mpishi, watoto wake hupata sare za shule, na mama yake mzee hupata dawa. Akikosa, hurudi shambani kungojea mvua. Kwa hiyo jambo hili si dogo, wala si la maofisini tu. Bwana wetu mwenyewe, katika mfano wa shamba la mizabibu, alisema habari za watu waliosimama sokoni mchana kutwa kwa sababu hapana aliyewaajiri. Na mwenye shamba hakuwafukuza kwa kuwaita wavivu, bali aliwapa kazi.

Pili, na tuyagawe masharti ya kazi mafungu mawili. Liko sharti linalotoka katika kazi yenyewe, na liko sharti linaloletwa kutoka nje na kubandikwa juu ya kazi. Kumtaka nahodha ajue bahari si kumwonea mtu wa bara. Kadhalika kumtaka mwalimu wa Maandiko awe mwamini, mwenye mwenendo unaoshuhudiwa na watu, si kumwonea asiyeamini. Maana kazi yake ni kuwafundisha vijana kuomba, kuhubiri na kuchunga, wala hawezi kuwapa asicho nacho. Hilo ni sharti la kazi. Bali ukisema kwamba mshika hazina sharti atoke katika wilaya ya mkuu wa chuo, hesabu hazijui wilaya. Saba na tano ni kumi na mbili kwa Mhaya na kwa Mnyakyusa. Hilo ni sharti la nje, hata likipambwa kwa maneno mazuri.

Maandiko yenyewe yatupa mfano wa kutenga huko. Mfalme Sulemani alipojenga Hekalu, utumishi wa madhabahu ulikuwa wa kabila ya Lawi, na ukuhani ulikuwa wa wana wa Haruni peke yao. Lakini kwa kukata mierezi aliomba watu wa Sidoni, kwa sababu, kama alivyokiri mwenyewe, katika Israeli hapakuwa na mtu aliyejua kukata miti kama wao. Na kwa kazi ya shaba alimwita Hiramu wa Tiro, ambaye mama yake alikuwa mjane wa Israeli, na baba yake mtu wa Tiro. Zile nguzo mbili kubwa zilizosimama mbele ya Hekalu, ambazo watu walizitazama wakienda kuabudu, zilikuwa kazi ya mikono ya fundi huyo. Hatusomi mahali po pote kwamba Hekalu lilitiwa unajisi kwa hizo. Madhabahu ilikuwa na sharti lake, na shaba ilikuwa na sharti lake.

Sheria za nchi zetu nazo zimefuata njia hiyo. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, humwagiza mwajiri kuweka nafasi sawa kwa watu, na hukataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, mahali alipotoka, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri na mengine kama hayo. Walakini kifungu hicho hicho chasema kwamba si ubaguzi kumchagua mtu kwa jambo ambalo kazi yenyewe hulitaka kwa asili yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ina maneno ya namna hiyo hiyo, na zote mbili zafuatana na Mkataba wa 111 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliofanywa mwaka 1958. Basi hapana chuo kinachokatazwa kumtaka mwalimu wa dini awe mtu wa dini. Kinachoulizwa ni hiki tu: je, ni kazi yenyewe inayotaka jambo hilo, au ni sisi?

Lakini asidhani mtu kwamba swali limekwisha kwa kuisoma sheria. Maana huko ng'ambo, walikolipeleka mahakamani, majaji wenyewe hawakujibu kwa namna moja. Katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani, kiko chuo cha wachungaji wa Kibaptisti kiitwacho Southwestern Baptist Theological Seminary. Serikali ilikitaka kijaze karatasi ya kuonyesha habari za watumishi wake, rangi zao, na kama ni wanaume au wanawake, na malipo yao, ili ijulikane kama pana ubaguzi. Chuo kilikataa, kikisema kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, wala Serikali haina ruhusa kuingia humo. Mwaka 1981 mahakama ya rufani iliamua kwa kugawanya. Waalimu, na mkuu wa chuo, na mchungaji wa wanafunzi, na wale wawasimamiao waalimu, iliwahesabu kuwa kama wahudumu wa Kanisa, ambao Serikali isiwaingilie. Bali watumishi wa kawaida, na wakubwa wanaosimamia fedha na matengenezo ya majengo, ilikataa kuwahesabu hivyo, hata kama chuo chenyewe kiliwaita wahudumu. Maana yake, jina halibadili kazi.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1987, Mahakama Kuu ya nchi ile ile ilipelekewa shauri la fundi aliyetunza jengo la michezo la kanisa la Wamormoni katika mji wa Salt Lake City. Alikuwa ametumika miaka kama 16, akaondolewa kazini kwa sababu hakuwa na cheti cha kuonyesha kwamba anashika masharti ya kanisa lile. Mahakama ilikubali kwamba sheria huliruhusu shirika la dini lisilofanya biashara kuchagua watu wa dini yake hata kwa kazi kama hiyo. Lakini mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Ujerumani, ilisema vingine. Mwanamke asiye wa kanisa lo lote alikuwa ameomba kazi ya muda katika shirika la Kiprotestanti, kazi ya kuandika taarifa juu ya ubaguzi wa rangi, asiitwe hata kuulizwa maswali. Majaji walisema kwamba kanisa laweza kuweka sharti la dini, ila sharti hilo liwe linatakiwa kweli na kazi, na mahakama iweze kulipima. Na shauri lenyewe likaendelea katika mahakama za Ujerumani miaka mingi baadaye.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba Mkristo hawezi kujificha nyuma ya mahakama. Nchi moja hutoa ruhusa pana, nchi nyingine hutoa ruhusa nyembamba. Lakini palipo na ruhusa bado pana swali, Je, yafaa? Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kutenga kilicho halali na kinachojenga. Chuo chaweza kuwa na ruhusa kamili ya kumkataa fundi wa mabomba, na bado kikawa kimemdhulumu.

Hapa yuko msomaji atakayetukatiza, naye ana neno la maana. Atasema: Ninyi mwagawanya kazi kana kwamba nyingine ni za Mungu na nyingine si zake. Kwa Mkristo hakuna mgawanyo huo. Katika karne ya 17 alikuwako Paris mtawa aliyeitwa Ndugu Lawrence, ambaye alitumika jikoni, na mafundisho yake juu ya kukaa mbele za Mungu katikati ya masufuria yanasomwa hata leo. Tena katika Matendo ya Mitume, walipochaguliwa watu saba wa kuhudumia meza, walitakiwa wawe watu wa sifa njema, wenye Roho na hekima. Ikiwa meza za wajane zilitaka watu wa namna hiyo, je, si zaidi meza za wachungaji wa kesho?

Neno hili lina nguvu, wala hatulitupi. Mpishi mcha Mungu ni baraka katika chuo. Wako wachungaji wengi waliopata faraja kwa mama wa jikoni siku walipotaka kufunga sanduku na kurudi kwao. Basi chuo kikitaka wapishi wake wote wawe waamini, hatukikatazi. Lakini na kitumie mizani moja. Kikisema kwamba mpishi ni mhudumu wa Injili siku ya kumwandika kazi, na awe mhudumu wa Injili siku ya kumlipa pia, na siku ya kikao, na siku anapougua, na siku anapozeeka. Akae katika sala pamoja na waalimu, aulizwe mashauri, ajulikane kwa jina lake. Tukiona kwamba neno "wito" hukumbukwa langoni ili kumzuia mtu, kisha likasahauliwa mezani. Au hukumbukwa mwisho wa mwezi ili mtu akubali kidogo, kisha likasahauliwa siku ya kugawa heshima, hapo tujue kwamba si wito tena, ni njia ya kupunja. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira wa wavunaji uliopunjwa una sauti, na Mungu anaisikia. Hakusema kwamba sauti hiyo hunyamaza shamba likiwa la Kanisa.

Tena na tuwatazame wale saba vizuri. Manung'uniko yalitoka kwa Wayahudi wa Kiyunani, kwamba wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakusema, "Nyamazeni, hii ni kazi ya Mungu." Walikubali kwamba pana jambo. Wakataja sifa zinazotakiwa mbele ya mkutano mzima, kabla jina la mtu halijatajwa. Kisha wakauacha mkutano uchague. Na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, na mmoja wao, Nikolao wa Antiokia, hakuwa hata Myahudi kwa kuzaliwa, bali mwongofu. Yaelekea basi kwamba upande ule ule ulionung'unika ndio uliokabidhiwa ugawaji. Katika sifa walizozitaja mitume yumo Roho, imo hekima, umo ushuhuda wa watu, ukoo haumo.

Sasa tumefika penye mzizi. Mara nyingi si sharti la dini linalomfukuza mtu, bali sharti la dini hutumiwa kulifunika jingine. Tangazo husema, "Awe Mkristo mwenye barua ya mchungaji wake." Sharti hilo lina sura njema. Lakini barua huandikwa na mtu mmoja. Akimpenda mwombaji huandika kurasa mbili, asipompenda humwambia aje kesho, na kesho kutwa, hata siku ya mwisho imepita. Au tangazo hubandikwa ubaoni siku ya Ijumaa, na maombi hufungwa Jumatatu, hali wale wenye ndugu ndani wamekwisha kupigiwa simu mwezi uliopita. Au kazi ya bawabu huandikiwa cheti ambacho bawabu hakihitaji, kwa kuwa yuko kijana wa nyumba fulani aliye nacho. Hapo hakuna aliyesema uongo kwa kinywa. Lakini mlango ulifungwa kabla haujafunguliwa.

Wenye kuitetea desturi hiyo wana maneno yao. Husema, Damu nzito kuliko maji. Husema, Zimwi likujualo halikuli likakwisha; ndugu namjua, mgeni simjui; ndugu akiiba nitamshitaki kwa wazee wetu, mgeni akiiba atatoroka. Tena hulitaja neno la Mtume Paulo, aliyemwonya vikali mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake.

Ni kweli kwamba Mtume aliagiza hivyo. Lakini mtu na awatunze watu wake kwa mali yake, si kwa mali ya Kanisa. Akimlisha mpwa wake kwa mavuno ya shamba lake, anatimiza agizo. Akimlisha kwa nafasi ya kazi inayolipwa kwa sadaka za wajane wa mitaa mingi, anagawa cha watu. Na katika waraka ule ule, Timotheo aliagizwa asitende neno lo lote kwa upendeleo. Ama kuhusu kumjua ndugu, na tumkumbuke Samweli. Yeye alikuwa mwaminifu tangu utoto; hakuna aliyeweza kumshitaki kwamba alitwaa ng'ombe wa mtu au punda wa mtu. Walakini alipozeeka aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakapokea rushwa, hata watu wakachoka na kutaka mfalme. Bila shaka Samweli aliwajua wanawe. Unyofu wake haukuwarithisha unyofu, na upendo wake kwao haukuizuia nchi kuumia.

Na sisi watu wa Afrika Mashariki tunao ushuhuda wa karibu zaidi. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Kwa watoto wa namna hiyo ndipo ilipoanza shule iliyokuja kukaa Kiungani. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Na Cecil Majaliwa, ambaye naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa akasoma Kiungani, alipewa ukasisi mwaka 1890. Upande wa Mombasa, kijiji cha Frere Town kilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Na mwaka 1885 William Jones na Ishmael Semler, waliokuwa watumwa wakalelewa na misheni huko Bara Hindi, walipewa ushemasi na Askofu Hannington. Hapo Frere Town ndipo kilipoanza, mwaka 1903, chuo cha dini kilichohamia Limuru mwaka 1930, nacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Fikirini juu ya watu hao. Hawakuwa na mjomba katika baraza la chuo. Wengine hawakujua kijiji walichozaliwa, maana walichukuliwa wakiwa wadogo. Kama nafasi zingalitolewa kwa ukoo, wao wangalikuwa wa kwanza kufungiwa mlango, na Kanisa la pwani lisingalikuwa na mashemasi wake wa kwanza. Wahenga walisema, Undugu ni kufaana, si kufanana. Na vyuo vyetu vya kwanza vilisimama juu ya neno hilo. Chuo kinachotafuta leo watu wa damu moja kimeisahau asili yake chenyewe.

Wala tusidhani kwamba kosa la kupendelea ni la Waafrika peke yao. Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa nchi ya Wayoruba, aliyeuzwa utumwani akiwa kijana na kuokolewa, alifanywa askofu mwaka 1864. Alipokufa mwishoni mwa mwaka 1891, mahali pake aliwekwa Mzungu, ingawa walikuwako Waafrika waliofundishwa na kujaribiwa. Maneno ya kiroho hayakukosekana ya kueleza kwa nini iwe hivyo. Ndiyo sababu twasema tuyapime maneno ya kiroho kila yanapotumiwa kumfungia mtu mlango. Si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa ni rahisi kuyavaa.

Labda mtu atauliza kwa nini twakaza jambo hili juu ya chuo cha wachungaji kuliko juu ya kiwanda cha sukari. Kiwanda hutoa sukari, na sukari haiulizi ilivyotengenezwa. Chuo hutoa watu wanaotazama. Mwanafunzi hukaa humo miaka kadhaa. Asubuhi husikia somo la nabii Amosi juu ya mizani ya udanganyifu na maskini wanaouzwa. Saa sita husimama katika mstari wa chakula, na anayempakulia ni binamu wa msimamizi, aliyewekwa mahali pa mjane aliyepika hapo miaka kumi. Somo lipi atalichukua kwenda nalo mtaani? Siku zitapita, naye atakuwa na mtaa wake, wenye shule ya watoto na zahanati, na watu wa kuandikwa kazi. Hapo hatafungua daftari la Amosi. Atafanya kama alivyoona wakubwa wakifanya, naye atadhani ndivyo Kanisa lilivyo. Kwa hiyo twasema, kila mtu anayeandikwa kazi katika chuo ni somo moja linalofundishwa, wala hakuna mtihani wa kulifuta.

Basi ifanyweje? Hatuhitaji mambo makubwa. Kazi na iandikwe kwanza, yaani mtumishi atafanya nini, na kwa kazi hiyo ni jambo gani lisilokosekana. Maandishi hayo yafungwe kabla ya kujua ni nani wataomba. Kama imani ni sharti la kazi hiyo, isemwe wazi pamoja na sababu yake. Kama si sharti, isiulizwe kwa mlango wa nyuma. Tangazo lisomwe katika mitaa yote inayokichangia chuo, Jumapili mbili au tatu, na aliye mbali apate siku za kutosha kuleta barua yake. Ushuhuda wa mwenendo usitoke kwa mtu mmoja tu. Wazee wa kanisa wawili, au mwalimu aliyemfundisha, au bwana aliyemtumikia zamani, nao wakubaliwe. Mjumbe wa baraza mwenye ndugu kati ya waombaji na atoke nje, wala asirudi mpaka neno limekatwa. Waombaji waulizwe maswali yale yale. Mpishi apike, fundi atengeneze, karani aandike. Mikono husema kweli kuliko barua. Aliyekosa apewe jibu, naye aambiwe sababu kwa upole. Na aliyepata apewe karatasi yenye mshahara wake na kazi yake, kama sheria inavyoagiza, asiishi kwa ahadi za mdomo.

Iko kazi moja au mbili ambazo watu wenye busara watatofautiana juu yake. Mtunza maktaba ni mmoja wao. Wengine watasema kwamba vitabu ni vitabu, aliyejifunza kuvipanga avipange. Wengine watasema kwamba mwanafunzi humwendea akiwa na mashaka, na kitabu atakachopewa siku hiyo chaweza kumjenga au kumvunja. Sisi twaona kwamba jibu latoka katika chuo chenyewe. Kama mtunza maktaba wao kweli huketi na wanafunzi na kuwaongoza, sharti la imani ni la haki. Kama kazi yake ni kupokea na kutoa vitabu tu, si la haki. Lakini na waamue kabla ya kuona majina.

Imebaki kusema neno kwetu sisi tulio nje. Mwombaji anayepeleka mbuzi usiku kwa mjumbe wa baraza, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, asilalamike kesho akishindwa na mwenye ng'ombe. Mzazi anayemlaumu mchungaji kwa kutomsaidia kijana wake, hali kijana hana ujuzi wa kazi ile, anamfundisha mchungaji kupotoka. Na mtu aliyeshindwa kwa haki, akiisha kuambiwa sababu, na akubali kama mtu mzima, aongeze ujuzi, aombe tena. Haki si kupata kila mtu anachotaka. Nafasi ni moja na waombaji ni thelathini. Haki ni kwamba wote thelathini walipimwa kwa kipimo kimoja, na wa mwisho kati yao aliweza kukiona kipimo hicho.

Ninyi wazee mnaotumwa na mitaa kwenda kukaa katika mabaraza ya vyuo, mkikaa tena ulizeni maneno haya, bila hasira na bila kumtaja mtu: Kazi hii ilitangazwa wapi? Sifa zake ziliandikwa lini? Nani alitoka nje? Maswali haya hayamtukani mtu mwaminifu. Yeye atafurahi kuyajibu, maana yatamwondolea manung'uniko yasiyo yake. Mungu, asiyetazama uso wa mtu, atujalie kuwa na vyuo ambavyo mpita njia akiwaona watumishi wake ataweza kujua, kabla hajasikia hubiri lo lote, ni Bwana gani anayehubiriwa humo.